Elementi ya mashine ya espresso: ya orijino, ya kawaida ama ya kutengenezewa Kibuye?

Nianze na jibu kwa sababu najua kuna mwenye anasoma hii mashine ikiwa imezima na wateja wanamwangalia. Kama uko na mashine ya vichwa viwili (pale kahawa inatokea) ya kutoka Italia, zile za mtumba zimeingia sana Kisumu na Nakuru siku hizi, nunua elementi ya stenlesi ya kawaida, ile haina nembo ya kampuni ya mashine lakini imetengenezwa kwa vipimo vyake, weka gasketi mpya ya tefloni, na hiyo pesa umeokoa peleka kwa maji. Orijino ni kitu safi, sina ubishi, ila naona hapo unalipia jina. Ya kutengenezewa na mafundi wa jua kali pale soko la Kibuye, Kisumu, siweki kwa boila hata nikipewa bure, na hiyo nitaeleza vizuri huko chini isionekane nadharau mafundi wetu.

Sasa. Niko na kibanda cha kahawa hapa Kisumu upande wa Milimani, watu wa ofisi asubuhi, wanafunzi jioni, na katikati ni wale wa "niwekee chai tu bana". Mashine yangu iko na boila moja ya kopa na ndani yake elementi moja yenye koili tatu, kila koili wati 1500, jumla 4500. Hiyo habari ya koili tatu ishike kwa sababu ndiyo inachanganya watu na hata mafundi.

Wengi wanafikiri elementi ikikufa mashine inakuwa baridi basi imeisha. Kwa hizi za koili tatu haiko hivyo. Koili moja ikikatika zile mbili zinaendelea kuchemsha, taa inawaka, geji inapanda mpaka mahali pake, wewe unaona kila kitu kiko sawa, halafu ukitengeneza kapuchino kadhaa mfululizo mvuke unaanza kulegea, sindano ya geji inatoka bar 1.2 inateremka hadi 0.7 na kurudi ni mpaka mteja achoke kusimama, maziwa nayo yanatoka na mapovu makubwa makubwa. Fundi wa kwanza kuja aliangalia geji akasema presostati, ile swichi inawasha na kuzima elementi kufuata presha, imechoka, tubadilishe. Wapi. Presostati ikiharibika presha inapita kiasi, ama haifiki kabisa, ama inarukaruka, lakini yangu ilikuwa inafika vizuri ikipewa muda, maanake swichi inajua kazi yake, ni moto ndio hautoshi.

Na kabla hata ujaongea mambo ya elementi kuna kidude kingine kinaitwa themostati ya usalama, kiko karibu na boila na kina kitufe kidogo katikati. Boila ikipata joto la kupita kiasi, sana sana maji yakipungua, kile kitufe kinaruka na kinakata stima ya elementi mpaka ukibonyeze kwa mkono. Mashine inakuwa baridi kabisa na elementi ni nzima. Nimesikia watu wameuziwa elementi mpya hivyo hivyo, fundi akabadilisha, akabonyeza kitufe kimyakimya, akachukua pesa. Kwa hivyo ikiwa baridi kabisa anza na hiyo kitufe, lakini usibonyeze tu na kuendelea na maisha, jiulize kwanza kwa nini iliruka.

Kupima elementi ni kazi ndogo, maltimita ya kawaida ya dukani inatosha. Chomoa mashine kwa stima, si kuzima swichi, chomoa ama shusha breka. Toa waya zote kwa terminali, na hapa kwa koili tatu lazima utoe na zile vipande vya kuunganisha terminali, ukiviacha mita itakusomea koili zote pamoja na utadanganyika. Halafu pima kila koili peke yake. Hesabu ni hii: chukua volti uzidishe kwa volti, gawanya na wati, unapata omu. Kwa 230 na 1500 ni kama omu 35. Zangu mbili zilisoma 35 na kitu, ya tatu mita ikaandika OL, yaani imekatika ndani. Hapo mjadala ukaisha na presostati ikabaki kwa mashine.

Hiyo hesabu ndiyo pia itakuokoa kwa kununua. Boksi nyingi za Ulaya zimeandikwa 230 lakini stima yetu Kenya ni 240, na nguvu inapanda kwa volti zidisha volti, kwa hivyo ile 4500 ya boksi huku inakula karibu 4900. Hiyo ni zaidi ya ampea 20. Plagi yetu ya kawaida ya fyuzi 13 mwisho wake ni wati 3100 hivi, sasa ukiona mtu amefunga mashine ya vichwa viwili kwa plagi ya ukutani jua iko siku hiyo soketi itayeyuka. Mashine ya namna hii inataka laini yake kutoka kwa meinsi, mimi niko na breka ya ampea 32 na waya ya milimita mraba 6, na aliyefunga ni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, si yule wa kubadilisha balbu.

Hatari kubwa kabisa ni kuagiza mtandaoni bila kuangalia volti, ukaletewa ya soko la Marekani. Elementi ya volti 120 iliyoandikwa wati 1400 iko na omu kama 10. Iweke kwa 240 yetu na inavuta wati 5600, mara nne. Inaweza kuwaka dakika chache na ukafikiri ni nzuri sana vile inachemsha haraka. Kwa hivyo ukiona picha ni sawa, flenji (ile sahani ya chuma inayofungia elementi kwa boila) ni sawa, bei ni tamu, bado uliza muuzaji omu ni ngapi. Akishindwa kujibu, songa.

Turudi kwa duka. Elementi yangu niliitoa Nairobi, duka la spea za mashine za hoteli na mikahawa huko Industrial Area, jina sitaweka maana hii si tangazo na hawajanilipa kitu. Kitu nilipenda ni maswali. Nilituma picha kwa WhatsApp nikiandika tu "mko na elementi ya hii?" na badala ya kunirushia bei jamaa akaanza: flenji ina upana gani, mashimo ya bolti ni mangapi, kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya lingine ni milimita ngapi, urefu wa koili kutoka kwa flenji mpaka mwisho, terminali ngapi, na kuna kimfuko cha kuingiza themostati katikati ama hakuna. Hiyo ya mwisho hata mimi nisingeifikiria. Kuna elementi zinafanana kila kitu lakini moja iko na hicho kijibomba cha themostati na nyingine haina, ukichukua isiyo nayo themostati yako itakaa wapi? Akaniambia, "Boss, piga picha na rula ikiwa kando, usinipimie kwa macho." Hapo nikajua ni mtu wa kazi.

Urefu usiuchezee. Ikiwa ndefu itagusa ukuta wa boila ama zile bomba za kupasha maji ya kahawa zinazopita ndani, na ikiwa imekunjwa juu kuliko ya zamani, sehemu yake inaweza kutokeza juu ya maji. Elementi iliyo nje ya maji haina muda.

Bei ilikuwa chini ya elfu kumi bila gasketi. Nililipa kwa M-Pesa jioni na asubuhi ikawa kwa ofisi ya mabasi, na parseli ya basi kutoka Nairobi kuja Kisumu haina stori mingi. Malalamiko yangu ni mawili. Gasketi inauzwa kando na hawakusema mpaka nilipouliza, na kwa maoni yangu kuuza elementi bila gasketi ni kumtuma mtu arudishe ile ya zamani, ambayo imeshakandamizwa ikaisha na lazima itavuja. Na zile nati za terminali ni laini sana, moja ilikwaruzika meno nikiikaza kwa mkono tu, nikatoa za elementi ya zamani.

Kazi yenyewe ya kiwandani si mbaya. Nilikaa nayo mezani kabla ya kuifunga, nikaangalia pale bomba la koili linapoingia kwa flenji, hapo ndipo elementi mbaya hujionyesha. Ile lehemu ilikuwa imezunguka pande zote bila kijitundu, rangi moja, hakuna mahali pameachwa. Kule nje terminali ziko na vifuniko vya kauri na silikoni juu yake. Bomba limekunjwa kwa mviringo mzuri, hakuna mahali limebonyea. Hiyo ya kubonyea ina maana, kwa sababu ndani ya lile bomba kuna waya mwembamba wa nikeli na kromiamu umeshikiliwa katikati na unga mweupe wa magnesia uliobanwa sana. Unga unapitisha joto lakini haupitishi stima. Bomba likikunjwa vibaya waya unasogea karibu na ukuta na unga unapasuka, hapo umeanza kuhesabu siku.

Na huo unga una tabia moja wengi hawaijui. Unavuta unyevu. Elementi ikikaa stoo miaka, hewa yenye maji inapenya polepole kwenye ncha, na hapa Kisumu na joto letu la ziwa usiniambie stoo ni kavu. Yangu tulipoipima na mega, ile mita ya volti 500 ya mafundi wa stima, kati ya terminali na bomba ilisoma chini ya megaomu moja. Mpya kabisa kutoka boksi! Ukiifunga hivyo breka ya athi itaanguka ukiwasha na utaapa umeuziwa takataka. Haikuwa takataka. Nilienda kwa jirani anayeoka keki nikamwambia mama, leo nakuletea keki ya chuma, akacheka akanipa nafasi kwa oveni, tukaiweka digrii 120 hivi masaa kadhaa bila kitu kingine ndani, ikapoa, tukapima tena na mega ikapanda mpaka ikapita kiwango cha mita. Sasa ningepunguza nyota kwa duka hapa? Nusu. Wangeweza kuweka ile pakiti ndogo ya kunyonya unyevu ndani ya boksi.

Fundi wa Kibuye naye. Kabla ya Nairobi kunijibu nilipeleka elementi ya zamani kwa mzee mmoja wa jua kali pale Kibuye, anatengeneza elementi za mitungi ya chai ya mahoteli, za mashine za kutotoa vifaranga, za shawa, na kazi yake ni safi, mahoteli mengi hapa mjini chai yao inachemka kwa mkono wake. Nikamuuliza, "Jaduong', hii unaweza?" Akaigeuza, akagonga flenji na kucha, akauliza inakaa ndani ya kitu kilichofungwa ama wazi. Nikamwambia imefungwa, kuna mvuke. Akanirudishia. "Nyathina, ya chai naweza leo. Hii yenye inafungia mvuke siwezi kukuapia."

Mzee ana haki. Boila ya espresso ikiwa kwa bar 1.2 maji ndani yako karibu digrii 120, yanataka kutoka, na kitu kinachoyazuia upande ule ni flenji ya elementi na lehemu yake. Njia ya kutengeneza ambayo angetumia ni kukata elementi ya mtungi wa chai, kuikunja upya na kuichomelea kwa flenji ya zamani. Kukunja nimeshasema kunafanya nini kwa unga. Lehemu nayo, kuna vijiti vya kuchomelea vyenye kadimiamu na kuna risasi ya kulehemu yenye madini ya risasi kweli, na hayo maji watu wanakunywa, Americano inatoka humo humo kwa boila. Kwa hivyo tafadhali, ukipata mwingine anayesema "hiyo ni kitu kidogo" bila kuuliza swali ambalo mzee aliuliza, chukua kitu chako uende.

Orijino sikununua lakini nimeishika. Rafiki yangu wa Nakuru, ana mkahawa upande wa Section 58, mashine karibu sawa na yangu, aliagiza orijino kutoka Ulaya. Ukiweka usafiri, ushuru, na VAT ya 16% juu ya hayo yote, ilimgharimu zaidi ya mara tatu ya yangu. Ni nzuri jamani. Imepigwa muhuri wa volti na wati kwa flenji yenyewe, si karatasi ya kubandika, gasketi iko ndani, nati ngumu. Akaifunga, akafurahi, na haikumaliza mwaka. Breka ikaanza kuanguka asubuhi akiwasha, mara moja moja, halafu kila siku. Walipofungua wakakuta koili imevaa chokaa nzito ya kahawia na nyeupe, na chini yake bomba limepasuka ufa mwembamba kama unywele. Elementi ya bei ile yote, na aliyeiua ni maji ya boreholi.

Basi tuongee maji, kwa sababu hapa ndipo pesa yako inapotea. Maji yenye kalsiamu na magnesiamu yakipashwa moto chokaa inajitenga na inakaa pale penye joto zaidi, yaani juu ya elementi. Ile chokaa haipitishi joto vizuri, kwa hivyo ndani ya bomba joto linapanda ili nje maji yachemke vile vile, na mwisho bomba linapasuka, maji yanaingia kwa unga, stima inavuja kwa mwili wa mashine. Na mvuke unazidisha mambo. Ukitoa mvuke unatoa maji matupu, madini yanabaki kwa boila, unaongeza maji mapya na madini mapya, unatoa mvuke tena, kila siku yanazidi kujaa. Ndio maana mkahawa wa kapuchino nyingi na chai kidogo unachakaza boila haraka kuliko ule unachota maji ya moto kwa bomba la mashine. Mimi kila jioni kabla ya kufunga nachota maji ya moto mengi kwa lile bomba la pembeni, nayatumia kuosha vyombo, mashine inajaza mapya. Haina gharama yoyote na sijui kwa nini hawafundishi hivi wanapouza mashine.

Ya kwangu ya zamani ilikuwa na ganda ngumu, lakini maji ya mfereji hapa Kisumu, yale ya ziwa na ya Kajulu, kistripu cha kupima kinaonyesha ni laini. Nilishangaa kidogo mpaka nikasoma kibandiko cha huduma kilichobaki ndani ya kifuniko cha mashine: ilifanya kazi London. Na maji ya London ni magumu, hiyo inajulikana. Kumbe nilinunua mashine na chokaa ya Waingereza juu, bila malipo. Kwa hivyo mtumba wowote kutoka Uingereza ukiupata, fungua elementi uangalie hata kama inachemsha vizuri.

Nakuru kuna jambo la kutenganisha. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yanajulikana kwa floridi, ndiyo ile imefanya meno ya watu wengi kuwa ya kahawia, na Wakatoliki wa Dayosisi ya Nakuru walitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa ajili hiyo. Lakini floridi siyo chokaa. Kichujio cha mkaa wa mifupa hakizuii chokaa kwa elementi, na kile cha mkaa wa kawaida kinatoa klorini na harufu tu. Na ile kalamu ya TDS ambayo kila mtu anayo inasoma kila kitu kilichoyeyuka pamoja na sodiamu ambayo haigandi kwa koili, kwa hivyo namba kubwa si lazima iwe chokaa nyingi, na rafiki yangu alikuwa anaangalia kalamu tu. Nunua vistripu vya kupima ugumu. Watu wa SCA, chama cha kimataifa cha kahawa, wanataka ugumu kati ya miligramu 50 na 175 kwa lita, na mimi ningekaa upande wa chini kwa ajili ya boila. Ukizidi hapo weka kichujio cha kulainisha, kile chenye chembechembe za resini zinazobadilisha kalsiamu, na ukumbuke kuzirudishia nguvu kwa chumvi ama kubadilisha katriji kwa wakati, katriji iliyokwisha ni bomba tu.

Kuosha chokaa kama imeshakaa, toa elementi nje, iloweke kwa unga wa asidi ya sitriki, wanauza kwa maduka ya vifaa vya kuoka, gramu 20 hadi 30 kwa lita ya maji ya moto, terminali zisiguse maji, halafu brashi laini na suuza sana. Siki inafanya lakini harufu utaila kwa kahawa muda mrefu. Ile asidi ya kuosha choo, nimeona fundi anaitoa kwa mkoba, nikamwambia irudishe. Inakula kopa, inakula stenlesi, inakula kila kitu. Usikwaruze na bisibisi pia, ukikwaruza bomba umeanza ufa mpya.

Kuifunga: safisha uso wa boila mpaka mabaki yote ya gasketi ya zamani yatoke, tumia kipande cha plastiki. Bolti kaza kwa msalaba, hii halafu ya ng'ambo, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho. Tefloni ikipata joto inalegea, kwa hivyo washa, ipashe, zima, ipoe kabisa, halafu kaza tena kidogo. Waya zinazoenda kwa terminali ziwe za silikoni, zile za plastiki za nyumbani zinaiva. Terminali zikaze vizuri, nyingi ya zile nimeona zimeungua ni kulegea tu. Waya ya athi irudi mahali pake, na ukiona mtu ameiacha kwa sababu "inaangusha breka" mfukuze.

Halafu usiwashe moto kabla boila haijajaa. Mashine nyingi za Italia swichi iko na hatua mbili, ya kwanza inaleta pampu na kujaza maji, ya pili ndiyo elementi. Kaa kwa ya kwanza mpaka isikike imenyamaza. Huku kwetu hii ni muhimu kuliko mahali pengine kwa sababu maji na stima hupotea siku moja, stima inarudi kwanza, na mashine za zamani hazina akili ya kungoja. Stima ikipotea mimi nazima swichi kubwa. Na ile fimbo ya kupima maji ndani ya boila itoe uisafishe unaposafisha elementi, ikivaa chokaa inadanganya mashine.

Kitu kingine cha pembeni, wale wa Nakuru wakiniuliza kwa nini mvuke wao una joto kidogo kuliko wangu geji ikisoma sawa: mko juu, kama mita 1850, sisi 1130. Geji inapima juu ya hewa ya mahali, na hewa yenu ni nyepesi, kwa hivyo bar 1 yenu ni digrii kadhaa chini ya ile ya pwani. Pandisha presostati kidogo, elementi haina makosa.

Nyota: elementi nne kati ya tano, duka nne, gasketi ya kuuzwa kando inabaki kunikera. Sasa yangu inapanda kutoka baridi bila kusuasua na kwa foleni ya asubuhi sindano haishuki chini ya 1.

Wale wa mashine ndogo za nyumbani, hii haiwahusu sana. De'Longhi Dedica na ndugu zake zinatumia thermobloku, koili imezikwa ndani ya chuma, haitoki, unabadilisha bloku nzima. Gaggia Classic za zamani vile vile elementi imeshikana na boila yake ya aluminiamu, na aluminiamu nayo usiimwagie asidi kali. Rancilio Silvia za matoleo ya karibuni ndizo unaweza kupata elementi yenyewe. Kwa hizo mbili za kwanza uliza bei ya bloku ama boila kabla hujamlipa fundi kufungua, mara nyingine unakuta inakaribia bei ya mashine nyingine ya mtumba.